Baada ya upasuaji wa mgongo: mwongozo kamili wa kuisaidia akili wakati mwili unapona

Mtu akitoka kwenye upasuaji wa mgongo anapewa dawa, mkanda wa kiunoni, tarehe ya kliniki na karatasi ya mazoezi. Akifika nyumbani anakutana na mambo ambayo hakuna karatasi inayoyataja: anaogopa kuinama, usingizi hauji, anamfokea mke bila sababu, analia usiku wenzake wakiwa wamelala, anaanza kujiona mzigo. Mimi nipo upande wa mazoezi tiba na nawaambia kwa moyo wote, hiki kipande cha akili mara nyingi ndo kinachoamua nani atarudi kwenye maisha yake na nani atabaki kitandani miezi na miezi wakati picha ya mgongo inaonyesha kila kitu kipo sawa. Kwahiyo twende hatua kwa hatua, kuanzia kabla ya kupasuliwa mpaka mwaka mmoja mbele. Huu mwongozo ni wa mgonjwa mwenyewe na pia ni wa yule anayemuuguza, msome wote wawili.

Ila upasuaji wa mgongo sio kitu kimoja. Kuna mwenye diski (kile kimto cha kati ya pingili) iliyobana neva, kuna aliyeunganishwa pingili kwa skrubu na vyuma, kuna wa TB ya mgongo, kuna aliyeanguka na bodaboda au kutoka juu ya mnazi. Mengi ya humu yanawahusu wote, ila aliyeumia uti wa mgongo wenyewe nimemwekea sehemu yake huko chini.

Hatua ya 1: Kabla ya siku ya upasuaji, jua unategemea nini

Watu wengi wanavunjika moyo baada ya upasuaji sio kwasababu upasuaji umeharibika, ni kwasababu walikuwa wanategemea kitu ambacho upasuaji wenyewe haukuahidi. Mfano mzuri ni wa diski: ukipunguziwa diski iliyobana neva, maumivu yanayoshuka mguuni ndo huwa yanapungua vizuri zaidi na mapema zaidi, lakini maumivu ya mgongo wenyewe yanaweza kubaki kwa kiasi, ganzi inachelewa na nguvu ya mguu inachelewa pia. Neva inaota taratibu sana, kama milimita 1 kwa siku, sasa pima mwenyewe umbali wa kutoka kiunoni mpaka kidole gumba cha mguu uone kwanini hiyo ganzi inachukua miezi. Asiyejua hili, wiki ya tatu anasema nimeharibiwa.

Kamata daftari la kawaida tu, andika maswali haya, umpelekee daktari wa upasuaji kabla hujasaini fomu: ni kitu gani hasa unaenda kurekebisha? Maumivu gani yataondoka na yapi yanaweza kubaki? Nitakaa lini, nitatembea lini, nitanyanyua ndoo ya maji lini, nitarudi kazini lini? Kwa tatizo langu mimi hatari ya kupooza ikoje? Hilo la mwisho liulize wazi wazi, maana mtaani kila mtu ana hadithi ya jirani aliyepasuliwa mgongo akapooza na hofu hiyo usipoitoa mdomoni utaingia nayo chumba cha upasuaji. Uende na ndugu mmoja, mtu mwenye hofu anasikia nusu ya anachoambiwa.

Na kama kwenye familia kuna wanaosema huu ugonjwa umetupiwa, msigombane. Maombi yaendelee, dua ziendelee, mzee wa kanisa aje, mkubaliane jambo moja tu: dawa za hospitali hazikatizwi na kliniki haikosi mtu. Hasa kwa TB ya mgongo, huko dozi ni ya miezi mingi na anayeikatisha anarudi akiwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Hatua ya 2: Siku za kwanza wodini

Hapa kuna kitu kinachotisha sana familia na hakuna anayekuwa amewaandaa. Mzee ametoka upasuaji salama, siku ya pili usiku anaanza kuongea vitu visivyoeleweka, anaona watu ukutani, anataka kuchomoa dripu, hamtambui mwanae. Ndugu wanasema amechanganyikiwa, wengine wanasema mapepo. Kwa wazee hili linatokea baada ya upasuaji mkubwa, mara nyingi linaisha siku chache, ila lina vyanzo vya kutafutwa: maambukizi, mkojo uliojaa, choo kigumu, chumvi za mwili kushuka, dawa kali za maumivu, kukosa usingizi. Mwambie nesi saa hiyo hiyo, usisubiri raundi ya asubuhi. Wakati huo mrudishie miwani yake, mtu anayemfahamu akae naye, mwambieni pole pole leo ni siku gani na yuko wapi, mchana pawe na mwanga usiku taa zipungue. Msibishane na anayoyaona, na msimfunge kamba.

Kwa mgonjwa ambaye akili yake iko timamu, kitu kinachomuumiza kuliko kidonda ni choo. Mtu mzima, baba wa familia, anawekewa beseni kitandani huku pazia halijafungwa vizuri na shemeji yuko pembeni. Wengi wanaacha kula ili wasiende haja, na hapo wanajiletea choo kigumu kinachozidisha maumivu ya mgongo. Chagueni mtu mmoja tu wa kusaidia choo na kuoga, mgonjwa mwenyewe ndo amchague, wengine wote watoke nje. Ni jambo dogo kulifanya na linarudisha heshima ya mtu haraka sana.

Kulia siku hizi za kwanza ni kawaida. Pia zile dawa za kupunguza uvimbe za jamii ya deksamethasone zinaweza kuvuruga usingizi na kumfanya mtu awe na hasira au furaha isiyo na mpango, zikipunguzwa hali inatulia, kwahiyo usijihukumu.

Hatua ya 3: Elewa maumivu yanasema nini, na yapi ni ya hatari

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote, nitakaa hapa kidogo.

Neva zilizobanwa kwa muda mrefu zinakuwa kama mbwa wa nyumba iliyowahi kuvamiwa na wezi, hata jani likidondoka anabweka. Yaani unaweza kusikia maumivu makali na hakuna kitu kinachoharibika ndani. Shida ni kwamba mgonjwa akisikia maumivu anawaza skrubu imeachia, akiwaza hivyo anaogopa, akiogopa anakakamaza misuli na anaacha kutembea, misuli inalegea, viungo vinakaza, kesho akijaribu kusimama maumivu yanakuwa zaidi, basi anapata ushahidi kwamba kweli kitu kimeharibika. Mzunguko huo ndo unaowaweka watu kitandani. Wataalamu wa maumivu wameuchunguza kwa miaka mingi na wanakubaliana kwamba hofu ya kujongea inaweza kumlemaza mtu hata pale ambapo tatizo la mwanzo limeshatibiwa.

Dawa ya hofu hiyo sio kuambiwa usiogope. Dawa ya kwanza ni kujua kwa uhakika dalili zipi ni za hatari, ili zile nyingine zote zisikunyime usingizi. Ziandike ubandike ukutani:

- Mkojo umegoma kutoka, au mkojo au choo kinatoka bila wewe kujua
- Ganzi mpya sehemu za siri, makalioni na mapajani kwa ndani
- Mguu au mkono unazidi kukosa nguvu
- Homa, kidonda kinatoa usaha au maji, kimevimba na kina joto
- Kichwa kinauma sana ukikaa na kinapoa ukilala
- Shavu la mguu mmoja (nyuma, chini ya goti) limevimba na linauma, au kifua kinabana na pumzi inakata

Ukiona mojawapo nenda hospitali siku hiyo hiyo, na kwa mkojo, ganzi ya sehemu za siri, mguu kuisha nguvu au pumzi nenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Maumivu yasiyo na hata moja kati ya hizo, yanayopanda na kushuka, yanayokuja ukikaa sana au ukifanya zaidi ya ulivyozoea, hayo mara nyingi ni ya mgongo unaojifunza upya. Yaripoti kliniki, ila usiache kutembea kwasababu yao.

Hatua ya 4: Rudi kwenye mwendo kwa kipimo, sio kwa jinsi unavyojisikia

Kuna watu wa aina mbili. Wa kwanza hafanyi kitu kabisa. Wa pili akiamka vizuri anafua nguo zote za wiki, alafu analala siku tatu. Wote wawili wanaishia na hofu ile ile.

Fanya hivi. Chukua kitu kimoja, tuseme kukaa kwenye kiti. Siku tatu mfululizo pima unakaa dakika ngapi kabla maumivu hayajakulazimisha kubadilika. Tuseme ni 10, 20 na 15, wastani ni 15. Punguza kama sehemu moja ya tano, unapata 12. Basi unaanza na dakika 12 kila ukikaa, ukijisikia vizuri 12, ukijisikia vibaya 12, simu ikilia unainuka. Baada ya siku mbili tatu ongeza dakika moja au mbili. Kutembea fanya hivyo hivyo, kusimama jikoni hivyo hivyo. Inaonekana kama mchezo lakini ubongo unajifunza kwamba mwendo hauleti balaa, na huo ndo ushauri nasaha wenyewe kwa vitendo.

Kwa vitu unavyoviogopa tengeneza ngazi. Andika vitu kama nane ulivyoviacha, kila kimoja kipe alama za hofu kuanzia 0 mpaka 10. Kwa mama mmoja inaweza kuwa hivi: kuvaa viatu 3, kupanda ngazi 4, kufagia 5, kusujudu 6, kubeba mtoto 8, daladala 8, bodaboda 10. Muonyeshe mtu wako wa mazoezi au daktari, afute vile ambavyo kwa muda wako wa kupona bado haviruhusiwi (hasa kuinama, kunyanyua vizito na kujipinda kwa waliounganishwa pingili, mfupa unahitaji miezi kushikana). Katika vilivyobaki anza na cha alama 3 au 4, rudia mpaka hofu ishuke nusu ndo upande kinachofuata. Kuhusu swala, swali ukiwa kwenye kiti bila kujisikia vibaya, dini imeruhusu, alafu rukuu na sijda virudi vikiwa ni ngazi kwenye orodha yako kama kitu kingine chochote. Wa kupiga magoti kanisani na wewe ni hivyo hivyo.

Bodaboda iache kwa muda mrefu, hapo hofu yako iko sahihi.

Hatua ya 5: Mawazo yanayojirudia usiku

Rudi kwenye lile daftari. Likija wazo baya liandike kama lilivyo: skrubu zimeachia, sitafanya kazi tena, mume wangu ataniacha. Chini yake andika ushahidi unaouona kweli. Kliniki iliyopita picha ilionyesha nini? Kuna dalili hata moja ya zile za ukutani? Wiki iliyopita nilikuwa natembea mpaka wapi na leo mpaka wapi? Alafu andika sentensi ya tatu ambayo ni ya kweli, sio ya kujifariji: leo maumivu yamepanda kwasababu nilikaa kwenye gari kwa muda wa saa mbili, miguu ina nguvu ile ile, kesho narudi kwenye dakika 12. Ukiandika kwa mkono inasaidia zaidi kuliko kuwaza tu kichwani, kichwani wazo linazunguka.

Pumzi nayo: vuta kwa puani ukihesabu 4, toa taratibu ukihesabu 6, dakika 5 asubuhi na 5 kabla ya kulala, tumbo lipande kifua kitulie. Lala ubavu ukiwa na mto katikati ya magoti. Amka saa ile ile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, na usingizi wa mchana uwe mfupi, maana anayelala mchana kutwa usiku ataukesha na mawazo.

Pombe na vidonge vya usingizi vya kununua dukani achana navyo, hasa kama unatumia tramado, gabapentini au prigabalini, vikichanganyika vinaweza kuzima pumzi. Na hizo dawa usiziache ghafla, mwambie daktari akupunguzie taratibu. Kuna jambo jingine naliona sana: mtu kapewa amitriptilini, kaingia Google kakuta ni dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni iliyozidi), anakasirika anaitupa, anasema dokta ameniona chizi. Hapana, kwa dozi ndogo hiyo ni dawa ya maumivu ya neva na inasaidia usingizi pia. Uliza kwanza.

Hatua ya 6: Jipime sonona

Wiki ya 2, ya 6 na ya 12 jiulize maswali mawili, wauguzi wanayatumia dunia nzima. Kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia huzuni, kukata tamaa au kukosa matumaini? Kila swali: hakuna kabisa 0, siku kadhaa 1, zaidi ya nusu ya siku 2, karibu kila siku 3. Jumla ikifika 3 au zaidi tafuta mtu wa kukupima vizuri. Kuchoka na kukosa hamu ya kula peke yake kunaweza kuwa ni kidonda tu, ila mtu aliyekuwa anapenda mpira na sasa hata timu yake ikicheza hageuzi kichwa, huyo anahitaji msaada.

Kwa aliyepata ajali, angalia na haya: anaota ajali kila siku, anashtuka akisikia pikipiki, anakwepa hata kupita barabara ile. Ikizidi mwezi mmoja ipelekeeni hospitali, inatibika.

Akisema bora ningekufa, msimkemee kwa kumwambia anamkufuru Mungu. Muulize wazi wazi kama anafikiria kujiua na kama ana mpango. Kumuuliza hakumpandikizii wazo, kunampa nafasi ya kulitua. Usimwache peke yake, toa vidonge na dawa za shamba karibu yake, mpelekeni hospitali siku hiyo. Wengine wananyamaza wakiogopa polisi, lakini kumwambia daktari kwamba una mawazo hayo sio kosa. Kenya, Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 ilitamka kwamba kile kifungu cha kumshtaki aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba.

Hatua ya 7: Nyumbani

Familia inapenda, ndo tatizo. Usiinuke mama tutakuletea, kaa baba usijiumize, na baada ya mwezi mtu mzima anapewa hadi kijiko mdomoni. Kila mnachomfanyia ambacho daktari amemruhusu kufanya mwenyewe mnamwambia kwamba hawezi. Muulize nikusaidie wapi, alafu subiri jibu. Badala ya kumuuliza kila saa bado inauma? muulize leo umefika mpaka wapi?

Wageni waje, pole ni muhimu, lakini teua mtu mmoja wa kupokea simu na wa kukatisha hadithi za watu waliopooza. Choo cha kuchuchumaa kinatesa sana kipindi hiki, fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kiti chenye tundu cha kuweka juu yake kwa gharama ndogo.

Kaeni kikao cha hela mapema, maana mwanaume aliyezoea kulisha nyumba anaumwa zaidi na hilo kuliko kidonda. Semeni wazi kuna kiasi gani, nani atabeba ada, marejesho ya VICOBA yatakuwaje, na yeye apewe jukumu analoliweza hata akiwa amelala: kushika daftari la matumizi, kuwasimamia watoto hesabu, kupiga simu za biashara.

Na tendo la ndoa, ambalo hakuna anayeuliza kliniki na kila mtu analiwaza. Wengi wanaruhusiwa ndani ya wiki chache kutegemea aina ya upasuaji, muulize daktari wako bila aibu. Mwenye mgongo awe chini au mlale ubavu, mwenzake ndo afanye kazi ya mwendo. Hamu ikipungua au uume usiposimama inaweza kuwa neva, hofu, au hizi hizi dawa za maumivu, kwahiyo semeni, na kabla haijafika huko mwambie mwenzako kwa mdomo kwamba bado unamtaka. Ukimya ndo unaovunja.

Anayeuguza naye apumzike, abadilishwe zamu, alale. Mlezi aliyechoka anaanza kujibu kwa ukali na mgonjwa anausoma huo ukali kama ushahidi kwamba yeye ni mzigo.

Kama uti wa mgongo wenyewe umeumia

Hapa ni safari nyingine. Wiki za kwanza uti unaweza kuwa kwenye mshtuko na ni vigumu kwa yeyote kusema kwa uhakika nini kitarudi, kwahiyo jihadharini na anayesema utatembea tu na anayesema hutatembea kamwe. Mwambieni ukweli kadiri unavyojulikana, kidogo kidogo, akiuliza. Hasira na ukimya vitakuja, msivichukulie kama ubaya wake.

Kitu kinachofanya kazi kuliko maneno yetu yote ni kukutana na mtu mwingine anayetumia kiti cha magurudumu ambaye anafanya kazi, ana familia, anajitoa mkojo kwa mpira kila saa 4 mpaka 6 na anaendelea na siku yake. Waulize wauguzi wawaunganishe. Mafunzo ya kugeuzwa kila saa 2, ngozi na mkojo apewe mgonjwa mwenyewe sio ndugu peke yao, ili awe ndo msimamizi wa mwili wake hata kama mikono ni ya wengine.

Hatua ya 8: Nani wa kumfuata

Anza na yule anayekuona mara nyingi, mtu wa mazoezi, mwambie hofu yako kama unavyomwambia maumivu. Hospitali za mikoa na za rufaa huwa na afisa ustawi wa jamii na kliniki ya afya ya akili, omba rufaa. Dar, MOI (Taasisi ya Mifupa Muhimbili) ipo eneo moja na Hospitali ya Taifa Muhimbili ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Kanda ya kaskazini kuna hospitali ya KCMC Moshi, kanda ya ziwa hospitali ya Bugando Mwanza. Nairobi kuna hospitali ya taifa ya rufaa ya majeraha ya uti wa mgongo, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana namba 1199 ya ushauri bila malipo. Shehe, padri au mchungaji anayejua kusikiliza ni msaada mkubwa pia, kwa nyongeza.

Hatua ya 9: Ukurasa wa siku mbaya

Ndani ya mwaka maumivu yatapanda tena siku fulani, hata kwa anayepona vizuri. Andika ukurasa wake sasa hivi ukiwa mzima wa akili: kwanza nasoma dalili za ukutani, hakuna hata moja. Nakunywa dawa kama nilivyoandikiwa, siongezi. Kwa siku mbili napunguza dakika zangu kwa nusu ila siziachi. Pumzi asubuhi na jioni. Nampigia fulani, andika jina lake na namba yake. Siku ya tatu naanza kupandisha tena, na kama baada ya wiki bado hali ni ile ile naenda kliniki bila kusubiri tarehe.